Namna ya Kumsimulia Mfalme Jumong kwa Jioni Moja

Kabla hujafungua mdomo, chagua kitabu. Habari za Jumong, mfalme wa kwanza wa Goguryeo, ufalme wa kale uliokuwa Korea na sehemu ya China ya leo, ziliandikwa na watu mbalimbali katika karne mbalimbali, na kila mmoja ana lake. Ukichota huku kidogo na kule kidogo bila kuangalia, utafika mwisho ukiwa na mfalme aliyezikwa kilimani na papo hapo kapaa mbinguni juu ya kichwa cha joka. Barazani kwangu, hapa Mji wa Kale Mombasa, hilo halipiti. Wanaokuja Jumamosi baada ya Isha ni vijana waliokesha na tamthilia za Kikorea, na maswali yao ni makali kuliko ya wazee wao.

Vya kuchagua ni vitatu.

Cha kale zaidi kilichotoka kwa watu wa Goguryeo wenyewe ni jiwe. Mwaka 414 Mfalme Jangsu alisimamisha nguzo ya jiwe kumkumbuka baba yake, Mfalme Gwanggaeto, karibu na mji mkuu wao wa wakati ule. Mahali hapo leo panaitwa Ji'an, upande wa China, ng'ambo tu ya mto unaoitenganisha na Korea. Nguzo ina urefu wa mita 6.39 na imechongwa maandishi ya Kichina pande zote nne, zaidi ya alama 1,700. Sehemu kubwa ni vita vya Gwanggaeto na orodha ya walinzi wa makaburi, lakini mwanzo kabisa kunatajwa mwasisi wa ukoo, Mfalme Chumo. Ndiye huyohuyo Jumong, jina lake liliandikwa kwa namna nyingi. Anapewa mistari michache tu: baba Mbingu, mama binti wa bwana wa mto, yai, safari ya kusini, mto, mji juu ya mlima, joka. Basi.

Cha pili ni Samguk sagi, historia ya falme tatu aliyoikamilisha Kim Bu-sik mwaka 1145 kwa amri ya mfalme wa Goryeo, ufalme uliotawala Korea wakati ule. Huyu anaandika kikarani: mwaka wa kumi na nne mtu fulani kafa, mwaka wa kumi na tisa fulani kaja. Umri, miezi, majina ya mito, yote yapo. Cha tatu ni utenzi mrefu wa Yi Gyu-bo, wa mwaka 1193. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Anakiri mwenyewe kwamba aliposoma habari hizi mara ya kwanza aliona ni mambo ya mazingaombwe, na alipozirudia akaona ni mambo matakatifu. Alikuwa na kitabu cha zamani zaidi ambacho siku hizi kimepotea, kwa hiyo kuna vipande vinavyopatikana kwake tu, na ni vitamu ajabu.

Mimi huwa namfuata Kim Bu-sik kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yi Gyu-bo namruhusu aingie mara mbili tu, na kila akiingia nawaambia wasikilizaji, "Hapa mshairi mmoja kaongeza hivi." Hawachukii kuambiwa. Wanapenda kujua nani kasema nini. Jiwe naliweka akiba, nitakwambia kwa nini.

Majina yasizidi saba: Jumong, mama yake Yuhwa, Mfalme Geumwa, mwanawe Daeso, Songyang, Soseono, na Yuri. Marafiki watatu waliokimbia na Jumong wana majina yao, Oi, Mari na Hyeopbo, lakini wakati wa kusimulia sema "wenzake watatu" upite. Yale yenye "eo" usiyaogope: mdomo wa Mswahili ukisema Kogurio kwa haraka, ukasema Sosono, unaeleweka. Fanya mazoezi ya Geumwa peke yake. Ukijikwaa kwenye jina la mfalme watoto watacheka mpaka yai lipasuke.

Anza mtoni. Paukwa, pakawa, kisha moja kwa moja: Geumwa, mfalme wa Buyeo ya Mashariki, anakutana na mwanamke kando ya mto, kusini ya mlima Taebaek. Anamuuliza ni nani. Mwanamke anasema: mimi ni Yuhwa, binti wa Habaek, bwana wa mto. Nilikuwa nacheza na ndugu zangu, akaja mwanamume akajiita Haemosu, mwana wa Mbingu. Alinichukua akanipeleka nyumbani kwake, kisha akaenda zake asirudi. Wazazi wangu wamenifukuza kwa kuwa nilimkubali mtu asiyeleta mshenga.

Hapa kina mama barazani huguna wenyewe. Usiongeze neno. Haemosu mwenyewe ana hadithi ndefu kwa mshairi, ya gari la kifalme lililovutwa na majoka matano na mashindano ya kugeuka samaki na ndege. Iache. Ukiianza, saa tatu itakukuta Jumong hajazaliwa.

Yai lipite upesi. Geumwa anamfungia Yuhwa chumbani. Mwanga wa jua unaingia na kumwangukia. Akisogea, nao unamfuata. Anabeba mimba na anazaa yai kubwa. Mfalme anawatupia mbwa na nguruwe, hawali. Linatupwa njiani, ng'ombe na farasi wanalikwepa. Linatupwa porini, ndege wanalifunika kwa mbawa. Mfalme anajaribu kulivunja mwenyewe, halivunjiki, basi anamrudishia mama. Yuhwa analifunga kwa kitambaa, analiweka penye joto, na mtoto wa kiume anatoka. Mara ya kwanza sema mwenyewe "hawali". Mara ya pili nyamaza, wao watamalizia. Mwendo wa kurudiarudia huu watoto wanaujua tangu ngano za bibi zao, hauhitaji kufundishwa.

Ana miaka saba anajitengenezea upinde na mishale, akipiga mia hakosi hata mmoja. Huko Buyeo, mlenga shabaha hodari aliitwa jumong, na jina likamganda.

Mtu yeyote wa Pwani atakayesikia habari ya mpiga mishale asiyekosa, anayechukiwa na watu wa nyumba ya mfalme, atamtaja Fumo Liyongo. Waache wamtaje, wacheke, kisha endelea. Usianze kulinganisha. Liyongo ana jioni yake.

Sasa fika kwenye farasi, na hapa ukae. Wasimulizi wengi huharakisha, wanaona mazizi hayana maajabu baada ya yai, na ndipo wanapompoteza Jumong. Yai ni kazi ya Mbingu. Kobe watakaokuja baadaye ni kazi ya mto. Farasi ni kazi yake yeye.

Geumwa ana wana saba, na hakuna anayemfikia Jumong kwa lolote. Mkubwa wao, Daeso, anamwambia baba: huyu hakuzaliwa na binadamu, tusipomwondoa mapema atatusumbua. Mfalme hakubali kumuua. Anampa kazi ya kulisha farasi. Jumong anawachunguza, anawajua wepesi na anawajua wazito. Wale wepesi anawapunguzia chakula, wanakonda. Wazito anawalisha vizuri, wananenepa. Mfalme anakuja kutazama, anachagua mnene ampande yeye, na mkondefu anampa Jumong.

Hayo ni ya Kim Bu-sik, sentensi tatu hivi. Hapa mwite mshairi kwa mara ya kwanza. Kwake, anayechagua farasi ni mama. Yuhwa anaingia katikati ya kundi na mjeledi mrefu, anawachapa. Wote wanatimka, na mmoja mwekundu anaruka juu ya ua mrefu. Huyo ndiye. Jumong anamchoma sindano kwenye shina la ulimi. Farasi hawezi kula, anakonda. Mfalme anapita, anafurahi kuwaona farasi wote wamenona, na yule mkondefu anampa mlishaji awe zawadi yake. Jumong anaichomoa sindano, anaanza kumlisha.

Simulia taratibu. Onyesha sindano kwa vidole viwili. Halafu usieleze kwamba ni werevu. Mtoto wa miaka tisa atakuwa kashaelewa na atamweleza mwenzake kwa sauti kuliko wewe.

Baada ya zizi kuna uwindaji. Jumong anapewa mishale michache kwa sababu anajulikana kwa shabaha, na bado anarudi na wanyama wengi kuliko wote. Wana wa mfalme na wakubwa wa nchi wanapanga kumuua. Mama anapata habari na anamwambia mwanawe maneno ambayo mimi nayaweka hivi: "Watu wa nchi hii wanataka kukudhuru. Kwa uwezo wako, ni wapi usipoweza kwenda? Kuliko kukawia hapa ukaaibika, nenda mbali ukafanye jambo." Yuhwa habembelezi wala halii. Msemeshe kwa sauti ya kawaida, ile ya mama anayemkumbusha mtoto kufunga mlango.

Jumong na wenzake watatu wanakimbia. Wanafika mto mkubwa, hakuna daraja, na nyuma kuna wapanda farasi. Hapa ndipo natoa jiwe. Nawaambia: maneno haya yamechongwa, yapo mpaka leo, mvua imeyanyea miaka zaidi ya elfu moja na mia sita. Mfalme anasema yeye ni mwana wa Mbingu na mama yake ni binti wa bwana wa mto, yeye ni Mfalme Chumo. Kisha anaamuru matete yaungane na kobe waelee kwa ajili yake. Wakaelea. Kim Bu-sik ana samaki na kobe bila matete, na anaongeza kwamba walipovuka tu daraja likatawanyika, waliowafukuza wakabaki ng'ambo. Unaweza kutumia yote mawili mradi umetaja. Kwangu, wasikilizaji wa mbele hupiga viganja sakafuni, na wa nyuma wakiwa ndio wapanda farasi hunyamaza ghafla. Jaribu. Baraza ya saruji inatoa sauti nzuri.

Mshairi anaingia mara ya pili hapa, na ukiwa na wasikilizaji wakulima usimnyime nafasi. Jumong kwa uchungu wa kuagana alizisahau mbegu za shayiri alizopewa na mama yake. Anapumzika chini ya mti mkubwa, wanakuja njiwa wawili. Anajua ni mama kazituma. Anawapiga wote wawili kwa mshale mmoja, anawapasua koo, anatoa shayiri, kisha anawanyunyizia maji, wanafufuka na kuruka. Mama hakumpa mtoto upanga. Kampa mbegu.

Kuanzia hapa hadithi inabadilika kuwa siasa, na ukizembea watu watatazama simu. Jumong ana miaka 22. Mwaka ni 37 KK kwa hesabu ya Kim Bu-sik. Anafika Jolbon, ardhi ina rutuba, milima inalinda, lakini hana hata jumba. Anajenga kibanda juu ya mto Biryu na kuiita nchi Goguryeo. Kibanda kitaje. Falme nyingi huanza na jumba katika hadithi, hii inaanza na kibanda.

Halafu jambo ninalolipenda mimi kuliko joka: anaona majani ya mboga yanaelea mtoni yakitoka juu. Kumbe kuna watu. Anapanda na mto akiwinda, anakuta nchi na mfalme wake, Songyang. Songyang anamwambia: sisi tumetawala hapa vizazi, nchi ni ndogo haitoshi wafalme wawili, wewe ni mgeni, kwa nini usiwe chini yangu? Wanabishana, wanashindana kwa mishale, Songyang anashindwa. Mwaka wa pili, 36 KK, anasalimu amri, na Jumong anamwacha awe mtawala wa palepale.

Hapo kutakuwa na msichana atakayeuliza: na Soseono yuko wapi? Kila wiki yuko mmoja. Jiandae. Katika kumbukumbu za Goguryeo hatajwi. Yumo katika kumbukumbu za Baekje, ufalme jirani, ndani ya kitabu kilekile cha Kim Bu-sik, na hata humo ametajwa kwenye simulizi la pili, si la kwanza. Kwa mujibu wa simulizi hilo, alikuwa binti wa Yeontabal wa Jolbon, mjane wa mtu aitwaye Utae, mama wa watoto wawili, Biryu na Onjo. Aliolewa na Jumong na mali ya kwao ilitumika kuisimamisha nchi. Katika simulizi la kwanza, Jumong alipewa binti wa pili wa mfalme wa huko, na watoto ni wake mwenyewe. Mwambie msichana yote mawili, achague. Kila mara wanachagua lile la mjane mwenye mali.

Kisha umlete Yuri. Jumong alipokimbia aliacha mke mjamzito Buyeo. Mtoto amekua, anawinda shomoro kwa kombeo, anavunja mtungi wa mwanamke anayeteka maji. Mwanamke anamtukana: mtoto asiye na baba ndivyo alivyo. Anarudi kumuuliza mama. Mama anamwambia baba yako ni mfalme kusini, na aliacha kitu chini ya msonobari, juu ya jiwe lenye pembe saba; ukikipata ndiwe mwanawe. Waache wasikilizaji wafumbue fumbo. Yuri anatafuta mabondeni na milimani, hapati, anarudi kachoka. Siku moja yuko nyumbani, anasikia sauti kwenye nguzo. Nguzo ni ya msonobari. Jiwe chini yake lina pembe saba. Anachimbua kipande cha upanga uliovunjika. Anakipeleka kwa baba, vipande vinaungana. Ni mwezi wa nne wa mwaka 19 KK, na Yuri anafanywa mrithi. Wale watoto wa Soseono wanaona hawana lao pale, wanashika njia ya kusini. Onjo anaanzisha Baekje, mwaka 18 KK.

Miezi mitano baada ya Yuri kufika, Jumong anafariki, ana miaka 40, anazikwa mlima wa joka. Hivyo ndivyo asemavyo karani. Jiwe linasema joka la manjano lilishuka kumpokea, naye kwenye kilima cha mashariki akapanda kichwa chake akaenda juu. Hapa ndipo uchague, usichanganye. Barazani kukiwa na watoto wengi, nachagua joka. Wakiwa watu wazima, namzika.

Sasa swali litakalokuja lazima: yalitokea kweli? Usijibu "ndiyo" wala "hadithi tu". Wape vitu vya kushika mkononi.

Cha kwanza: katika karne ya kwanza BK, mwanazuoni wa China aitwaye Wang Chong aliandika kisa cha Dongmyeong. Mjakazi wa mfalme anashika mimba kwa hewa mfano wa yai la kuku, mtoto anatupwa kwa nguruwe na farasi wanampulizia pumzi, anakua mpiga mishale, anakimbia kusini, anayapiga maji kwa upinde, samaki na kobe wanafanya daraja. Lakini huyo ni mwasisi wa Buyeo, si wa Goguryeo! Baadaye Kim Bu-sik anampa Jumong jina la heshima lilelile, Dongmyeong. Ukoo wa Goguryeo ulitoka Buyeo na ukatoka na hadithi yake.

Cha pili: jina Gaogouli, yaani Goguryeo kwa matamshi ya Kichina, lilikuwa jina la wilaya ya utawala wa Han, ukoo wa wafalme wa China, tangu mwaka 107 KK. Watu hao na jina lao walikuwapo kabla ya mwaka 37 KK. Kwa hiyo Jumong hakuanzia patupu, alikuta kitu.

Cha tatu ni mlima. Huko Huanren, mkoa wa Liaoning, kuna ngome juu ya mlima Wunü, zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, kingo zimekatika wima. Wataalamu wengi wanaiona ndiyo Jolbon, na jiwe linasema mji ulijengwa juu ya mlima. Mwaka 2004 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na makaburi na miji mikuu ya Goguryeo iliyoko China, na mwaka huohuo ikayaandikisha makaburi ya Goguryeo yaliyoko Korea Kaskazini. Ukiona mtu anataka kukuingiza kwenye ugomvi wa China na Korea kuhusu nani mwenye Goguryeo, mpe kahawa. Ugomvi huo hauishi kabla ya saa nne.

Utaulizwa pia habari ya kaburi lake. Lipo moja karibu na Pyongyang linaloitwa lake, lilijengwa upya mwaka 1993. Wewe sema tu kwamba mji mkuu wa Goguryeo ulihamia Pyongyang mwaka 427, zaidi ya miaka mia nne baada ya kifo chake, kisha uwaachie wahesabu.

Muda wote, pamoja na maswali, ni saa moja na nusu ukisimulia bila pupa. Ukichelewa kuanza, au umeme ukikatika, mkate Songyang kwanza, kisha njiwa. Yuri anaweza kungoja Jumamosi inayofuata, kwa kuwa fumbo la pembe saba linatosha kuwarudisha. Farasi usimkate.